Watu Watatu, Vikundi Vinne

Mke wangu, Mama Riziki, hupenda kuwaambia wageni kwamba aliolewa na mwanaume mmoja, lakini siku ya kuingia nyumbani akakuta wake wenza wamekwisha kukaa: likembe juu ya mto, gitaa kwenye kiti kizuri, ngoma mlangoni, na kodiani imevalishwa sweta yake ili isipate unyevu wa ziwa. Mimi nasema anaongeza chumvi. Sweta ilikuwa yangu.

Vijana wangu wa Baraka hapa ziwani, na ninyi wa Fizi huko juu milimani, mnakuja uani kwangu na simu zenu, mnaniomba niwapigie kidogo mpate kurekodi. Mnaona vidole vyangu. Vile viwili vya mkono wa kulia vimekataa kukunjika tangu mvua za mwaka jana, na mwanamuziki wa vidole vinane ni sawa na kuku wa mguu mmoja: anatembea, lakini watu wanacheka. Basi nimestaafu. Ila mdomo haujaugua, kwa hiyo leo nitapiga mdomo.

Kazi yangu ilikuwa muziki wa kila kitu. Arusi, ubatizo, mavuno, matanga, hata siku mashine ya kusaga ya kwanza ilipofika mtaani kwetu tuliitwa kuipokea, na mashine ikapiga kelele kutushinda. Nilipiga Baraka, nikapiga Fizi, nikapiga Lulimba kwa wachimba dhahabu, watu wanaocheza na mabuti ya matope mpaka uwanja unageuka kuwa shamba la mpunga. Huko Lulimba ndipo waya wa gitaa langu ulipokatika katikati ya wimbo, na hakukuwa na duka la nyaya karibu. Mtu mmoja aliyekuja na velo, baiskeli yake, akachomoa kebo ya breki yake. Mkiisokotoa ile kebo mnapata nyuzi nyembamba ndani, na uzi mmoja wake unalia kuliko waya wa dukani. Alicheza alasiri nzima, ndipo akakumbuka kwamba njia ya kwao inateremka. Alirudi akisukuma velo kwa mkono, akiimba.

Lakini sikuanza na gitaa. Nilianza na likembe, kinanda cha vyuma kinachopigwa kwa vidole gumba, kwetu Lubondja milimani, na aliyenifundisha ni mjomba wangu Asukulu, mkulima wa muhogo aliyekuwa na miguu mirefu na maneno mafupi. Alinitengenezea likembe ya kwanza kwa vyuma vya mwavuli uliovunjika wa katekista. Chini yake alitoboa tundu, akabandika juu ya tundu utando mweupe wa buibui, ule anaofunikia mayai. Ukipiga, utando unatetemeka na sauti inapata mkwaruzo kama mtu mzima anayezungumza asubuhi. Mkiweza kuupata, bandikeni. Simu haina utando wa buibui.

Likembe ni chombo cha njiani. Mjomba hakunifundisha nikiwa nimekaa. Alinitanguliza njiani, tukiteremka kwenda mashambani, mimi napiga, yeye anasikiliza nyuma yangu. Nyimbo zote nilizojua nilizijulia kwenye mteremko. Hakuna aliyeona tatizo lolote, kwa sababu mashambani tulifika mapema.

Kisha akafa mzee mmoja wa heshima kijijini, na mjomba akawa anaumwa tumbo, nikaitwa mimi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupiga nimekaa mbele ya watu. Nikaanza wimbo wa matanga taratibu kama inavyotakiwa. Vidole vikakumbuka mteremko. Wimbo ukaanza kutembea, ukaanza kuharakisha, ukaanza kukimbia, na mimi siwezi kuushika, ni kama mtu anayefukuza mbuzi kilimani. Bamama waliokuwa wakilia wakajikuta mabega yanatikisika kwa namna nyingine. Mmoja akanyanyuka. Mwingine akamfuata. Mjane mwenyewe, Mungu ambariki, akanitazama kwa macho yenye machozi na akaniambia kwa upole:

“We mutoto, unakimbia wapi? Ule mwenye alikufa hana haraka.”

Watu walicheka mpaka mjane naye akacheka, na wazee walisema baadaye kwamba marehemu, aliyekuwa mtani wa kijiji kizima, angelipia kuona matanga ya namna ile. Lakini mjomba alipopata habari hakucheka. Kesho yake alinitwisha kikapu cha muhogo mgongoni, akaniweka chini ya mlima wetu, akasema: “Likembe ilikufundisha kushuka. Sasa itakufundisha kupanda.” Nikapanda nikipiga. Kila nilipoharakisha, pumzi ziliniisha, nikalazimika kupunguza. Jioni nilikuwa nimelowa jasho kama samaki, lakini wimbo wa matanga ulikuwa umekaa mahali pake. Hadi leo, kijana akiniletea wimbo unaokimbia, simfundishi kuhesabu. Namtuma akachote maji.

Kodiani niliipata hapa Baraka kwa baharia wa meli ya mizigo iliyokuwa ikitoka Kalemie. Alikuwa anaipiga amekaa juu ya magunia, wimbo wa kuzungukazunguka ambao hatua zake ni tatu, valsi, na mimi sikuwahi kusikia wimbo unaotembea kwa miguu mitatu. Nikasahau nilichotumwa sokoni. Tulikubaliana kodiani kwa mbuzi. Nikaleta mbuzi, akapandishwa melini, nikapokea kodiani, meli ikang'oa nanga. Haikufika mbali. Yule mbuzi aliruka majini, akaogelea mpaka ufukweni, akapanda mchanga, akajikung'uta, akanifuata nyumbani. Baharia alikuwa amesimama ukingoni mwa meli akicheka na kupunga mikono yote miwili. Tulimtunzia mbuzi wake mpaka meli iliporudi, na kwa wakati huo mbuzi alikuwa amezaa. Baharia akachukua mama, akatuachia mtoto, akasema huyo ni ada ya masomo yangu ya muziki. Ndiyo biashara nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na sikuifanya mimi, aliifanya mbuzi.

Muziki mwingine wa dunia nilijifunza kwa redio ya mawe, yaani betri. Mawe yakichoka tuliyaanika juani kama ndagala, dagaa wetu wa ziwani, yakapata nguvu ya nusu saa, na katika hiyo nusu saa nilikuwa nakwenda Cuba, nakwenda Misri kusikia vinanda vinavyolia kama watu, nakwenda India. Kisha mawe yanakufa katikati ya wimbo na mimi nabaki na nusu ya wimbo kichwani. Ile nusu ya pili nililazimika kuitunga mwenyewe. Watu wakiniuliza nilijuaje kuchanganya nyimbo za kwetu na za mbali, jibu ni hilo. Mawe yaliisha.

Sasa niwaambie habari ya Bucumi, kwa sababu ndiyo hasa niliyotaka kuwaambia.

Bucumi alikuwa mkimbizi kutoka Burundi. Alikodi kipande cha shamba karibu na letu, akalima muhogo na maharagwe, mtu mpole, mwenye kusalimia kila asubuhi kwa mikono miwili na baada ya hapo asiseme neno mpaka jua lizame. Tulikuwa majirani wa shamba msimu mzima bila mimi kujua chochote juu yake. Siku moja mvua ilitukimbiza sote wawili kwenye kibanda chake, na nikaona uta mrefu umeegemea ukuta, una kibuyu kilichofungwa kwenye mti wake. Nikamuuliza kama anawinda. Akatabasamu. Akauchukua, akaegemeza kibuyu kifuani, akashika kijiti pamoja na kayamba kadogo katika mkono mmoja, akaanza kuugonga ule uzi.

Huo ndio umuduri. Uzi ni mmoja tu, vijana, lakini kibuyu kikisogea karibu na mwili sauti inaingia ndani, kikisogea mbali sauti inatoka nje, na mpigaji anaimba kwa sauti ya chini humo katikati. Mvua ilikuwa inapiga bati na yeye aliipokea kama ngoma. Nilikimbia nyumbani katika mvua hiyohiyo, nikarudi na likembe ndani ya shati. Mama Riziki akafuata nyuma na ngoma, akidai amekuja kuniletea koti. Mama Riziki ndiye mpiga ngoma bora niliyepata kumjua, na nasema hivyo si kwa kuogopa kunyimwa chakula cha leo.

Kuanzia siku ile tulikuwa watatu. Bucumi alinifunza umuduri. Kwanza nilishindwa kabisa, kwa sababu tumbo langu lilikuwa kubwa kuliko la kwake na kibuyu kilikosa mahali pa kukaa. Bucumi aliniambia kwa upole nijaribu kabla ya kula. Alikuwa na haki. Umuduri wa mwenye njaa unalia vizuri kuliko wa mwenye shibe, na mke wangu alipolijua hilo alianza kuchelewesha bugali kwa makusudi.

Ndipo ikatangazwa fete, tamasha la utamaduni, huko Fizi, uwanjani, vikundi vya kutoka kila upande. Zawadi yake haikuwa kikombe. Kikundi kitakachoshinda, muziki wake utapigwa na redio ya hapa Baraka kila asubuhi kwa wiki nzima. Tukaenda kwa kijana wa kamati aliyekuwa anaandikisha. Akatuuliza sisi ni aina gani. Kulikuwa na nyimbo za asili za wenyeji, kulikuwa na muziki wa kisasa, kulikuwa na kwaya, na kulikuwa na nyimbo za wageni wanaoishi kwetu. Nikamweleza: likembe ya Lubondja, kodiani ya baharia, umuduri wa Burundi, na kuna wimbo mmoja wa kanisa. Akafikiri sana. Akasema kwa heshima kwamba kikundi kimoja kinaingia aina moja, na kwamba sisi, jinsi tulivyo, hatuna mahali. Kamati iliogopa kuchanganya, alisema, watu wasije wakagombana.

Tulirudi nyumbani. Mimi nilikuwa nimekasirika kidogo. Bucumi alifungua uzi wa umuduri, akaanza kuuzungusha kwenye kitambaa kama mtu anayefunga mzigo. Mama Riziki akamuuliza ni nini. Ndipo akasema maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema kwetu. Alikuwa na kaka mkubwa, Matiasi, upande wa pili wa ziwa, karibu na Rumonge. Ndiye aliyemfundisha umuduri. Walitengana siku ya kukimbia, kila mtu na njia yake, na simu yenye namba zote ilizama Bucumi alipokuwa anavuka. Tangu hapo hakujua kama Matiasi yu hai. Alituma salamu kwa wavuvi, hazikurudi na jibu. Lakini redio ya Baraka inasikika ng'ambo. Wavuvi wa huko huisikiliza asubuhi wakitengeneza nyavu. Akasema watu wanaofanana majina ni wengi, ila mkono wa mtu kwenye umuduri ni mmoja, na Matiasi angeujua.

Kisha Mama Riziki akaweka chini mwiko.

“Balisema kikundi kimoja kiingie aina moja,” akasema. “Habakusema muntu mumoja aingie kikundi kimoja.”

Vijana, niliposikia vile nilijua kwa nini nilioa. Kesho yake alirudi kwa yule kijana wa kamati na kuandikisha vikundi vinne. Kwa nyimbo za asili tukawa Mizizi ya Mlima. Kwa kisasa tukawa Orchestre Vidole Moto. Kwa wageni tukawa Wana wa Umuduri. Na kwa kwaya akatuita Kwaya ya Utatu, akasema angalau hapo hakuna atakayeuliza kwa nini tuko watatu.

Wiki iliyofuata nyumba yangu ikawa karakana ya fundi nguo. Kanzu za kwaya tuliazima kwa jirani mmoja, na wahenga walikwisha kusema nguo ya kuazima haisitiri matako. Yangu iliishia magotini. Tukapanda Fizi juu ya lori la mchele, vyombo vyote mapajani. Huko baridi ya mlima ilikaza ngozi ya ngoma. Jueni hili: hapa Baraka ngozi inakunywa hewa ya ziwa na kusema kama mtu mwenye mafua, lakini Fizi inakuwa kali, unapiga kidogo inajibu sana. Mama Riziki alilazimika kuipaka maji kidogo ili itulie.

Nyuma ya uwanja kulikuwa na jiko la bamama waliokuwa wanapika bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa ajili ya wageni wa heshima. Huko ndiko tulikobadilishia nguo. Mama Riziki aliwaeleza kila kitu, habari ya Matiasi pia, na kufikia sufuria ya pili kuiva bamama wale walikuwa jeshi letu. Mmoja alisimama na mwiko kama askari, mwingine alishika makoti, mwingine alitufunga nguo za nyasi viunoni.

Prezida wa kamati aliitwa Bwana Alimasi, mwalimu wa zamani, mtu mrefu mwenye kofia, amekaa kwenye meza mbele. Wana wa Umuduri wakaitwa kwanza. Tangu akimbie Bucumi hakuwahi kupiga mbele ya watu. Mimi na Mama Riziki tulikaa nyuma yake tukipiga makofi tu. Alifumba macho, akaegemeza kibuyu, na uwanja wote ukawa kimya hata mbuzi. Walipompigia makofi alifungua macho kama mtu aliyeamshwa.

Hatukuwa na nafasi ya kufurahi. Tulikimbia jikoni, nyasi viunoni, likembe mkononi, tukarudi kama Mizizi ya Mlima. Vikundi vingine viwili vikapita, tukakimbia tena: makoti, miwani ya jua, gitaa na kodiani, Orchestre Vidole Moto. Katika haraka Bucumi alivaa miwani juu chini. Watu walidhani ni mtindo, na nasikia vijana wa Fizi waliuiga kwa muda. Bwana Alimasi alianza kututazama kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipoacha ufunguo.

Kwaya ndiyo iliyotuharibia. Nilivaa kanzu bila kuvua nguo ya nyasi, hapakuwa na wakati, na kanzu yangu, nimekwisha kusema, ilikuwa fupi. Tuliimba wimbo wa kumshukuru Mungu na nyasi zikining'inia chini ya kanzu, zikitikisika kila nilipovuta pumzi. Padri aliyekaa mstari wa mbele aliinamisha kichwa. Nilidhani anasali, lakini mabega yalikuwa yanaruka. Kwaya ya Utatu ilishindwa, na ilistahili.

Lakini vikundi vyetu vingine vitatu vilishinda. Vyote. Bwana Alimasi alisimama na kutangaza kwamba sasa washindi wa kila aina wapande jukwaani pamoja, ili achaguliwe wa redio. Akaita kwaya ya kanisa moja la pale, wakapanda, watu wengi, wamepangana vizuri. Akaita Mizizi ya Mlima. Tukapanda. Akaita Orchestre Vidole Moto. Tukabaki tumesimama. Akaita Wana wa Umuduri. Nasi tulikuwa palepale. Akaita tena, akitazama huku na huku, na mama mmoja wa jikoni akajibu kutoka nyuma ya uwanja kwamba wamekwisha kupanda.

Kwanza walicheka watoto. Kisha kicheko kikatembea uwanja mzima kama upepo kwenye mpunga. Bwana Alimasi hakucheka. Alipanda jukwaani, akatuzunguka, akanyanyua miwani ya Bucumi, iliyosahauliwa usoni, akatazama nyasi zangu. Niliona tunafukuzwa, na redio inakwenda, na Matiasi habari zake zinaishia hapo. Aliuliza sisi ni kikundi gani hasa. Nilifungua mdomo, lakini Bucumi alinitangulia. Aliongea polepole, kwa Kiswahili chake chenye Kirundi ndani.

“Prezida, mi natafuta redio tu. Yaya yangu, kaka mukubwa, alibakia ng'ambo, na sijue kama iko muzima. Akisikia hii uta, atajua mi niko.”

Bwana Alimasi alivua kofia. Alimtazama Bucumi kwa muda, kisha akakitazama kile kibuyu, na nikaona uso wake unalegea. Baadaye nilisikia kwamba naye aliwahi kukimbia na watoto wake kwenda ng'ambo ya pili, miaka ya vita, na alilala kwa watu asiowajua. Lakini siku ile hakusema hayo. Alisema:

“Basi mupige. Lakini mupige yote mara moja. Sitaki kuona tena muntu anabadilisha koti.”

Hapo ndipo tatizo la kweli lilipoanza, maana hatukuwahi kupiga vyote pamoja katika wimbo mmoja. Kodiani ni kama chifu: haisogezi sauti yake kwa ajili ya mtu yeyote, wengine ndio wanaoifuata. Bucumi alisogeza kitanzi cha uzi wake mpaka umuduri ukakubaliana nayo. Likembe yangu ilikuwa juu mno. Ili kushusha sauti ya ulimi wa likembe unabandika nta kidogo chini ya ncha yake, na nta ilikuwa imebaki Baraka. Nikaomba nta. Hakuna aliyekuwa nayo. Mama mmoja wa jikoni akaja anakimbia na tonge la bugali ya muhogo, bado la moto.

Basi nikabandika bugali. Mbele ya padri, mbele ya kamati, mbele ya Fizi nzima, natengeneza likembe kwa chakula, nagonga, nasikiliza, naongeza, napunguza, na kile kilichozidi nakila. Sauti ikakaa sawasawa.

Bucumi alianza peke yake. Nikaingia na likembe, wimbo wa mjomba Asukulu wa kupanda mlima. Mama Riziki akaleta ngoma chini yetu, pana kama ardhi. Tulikwenda hivyo mpaka bugali ikaanza kukauka na ndimi zikaanza kupandisha sauti, nikaona hatari, nikatupa likembe mgongoni kwa kamba yake na kuichukua kodiani. Ile valsi ya baharia ikaingia na miguu yake mitatu. Ngoma ya kwetu inapenda kugawanya kwa mbili na kwa tatu kwa wakati mmoja, nyote mnajua, kwa hiyo valsi ilijikuta nyumbani, ni kana kwamba ilikuwa imezaliwa Lubondja ikapotea tu njiani. Kwaya ya kanisa iliyosimama nyuma yetu ilishindwa kuvumilia, ikaingia na sauti nne. Padri alinyanyuka. Bamama walikuja kutoka jikoni na miiko juu. Bwana Alimasi alikaa wima mezani kama mwalimu wa mtihani, lakini mimi nilikuwa juu jukwaani, niliona chini ya meza. Viatu vyake vilikuwa vinacheza vyenyewe.

Hivyo ndivyo nilivyoipata kazi yangu, nikiwa mtu mzima mwenye mvi. Yote ya kabla yake yalikuwa kutafuta vyombo. Baada ya siku ile tuliitwa Uvira, tuliitwa Kalemie, tulipiga kwa wageni waliotoka mbali na vyombo ambavyo sikujua vinashikwaje, nami nilivishika. Na kila mahali mtu aliniuliza muziki huu ni wa wapi. Nilikuwa najibu: ni wa jikoni.

Kamati ilituchagua sisi, na redio ilipiga wimbo wetu kila asubuhi kwa wiki nzima kama ilivyoahidiwa, na baadaye waliendelea kuupiga kwa sababu watu waliuomba. Bucumi aliacha kwenda shamba asubuhi. Alikwenda ufukweni, akasimama pale mashua za ng'ambo zinapofika, akauliza, akarudi. Wiki ikapita. Ikapita nyingine. Mimi nilianza kuogopa kumtazama machoni. Mama Riziki alimpelekea chakula. Nilijiambia tulimpa mtu tumaini kwa ngoma na miwani ya jua, na sasa tumpe nini.

Kisha siku ya soko nilikuwa na Bucumi kwenye upande wa ndagala. Kuna mama mmoja anayefanya biashara ya samaki huku na huko, Mama Sifa, sauti yake inasikika kabla hajafika. Alikuwa anamwaga ndagala kwenye turubai, akatuona na vyombo mgongoni, akauliza kama ni sisi wale wa redio. Tukasema ni sisi. Akauliza Bucumi ni yupi. Nikamwonyesha kwa kidole.

Mama Sifa akajifuta mikono kwenye kitenge. Akasema kuna mzee mmoja mwaloni huko Rumonge, mtengeneza nyavu, aliyesikia redio akaangusha sindano yake majini, na tangu siku ile anamsumbua kila mwenye mashua anayekuja Baraka. Jina lake Matiasi. Ametuma maneno.

“Alisema hivi: Bucumi, nimesikia, na nitakuja. Na ule wa kodiani, mumuambie apumzike kidogo, batu bengine nabo biko na kitu ya kusema.”

Bucumi alikaa chini palepale, karibu na turubai, akafunika uso kwa mikono yote miwili. Nikadhani analia, na alikuwa analia kweli, lakini alipoondoa mikono alikuwa anacheka, na sikuwahi kumsikia Bucumi akicheka kwa sauti. Akanishika mkono.

“Ndugu, umesikia?” akaniambia. “Iko muzima, na bado anagombeza.”

Tukacheka, sisi wawili tumekaa chini katikati ya soko, mpaka tukashindwa kusimama, na Mama Sifa akatuambia wateja wake hawana pa kupita, tununue au tuondoke.

Tukanunua.